Mabeseni ya Muhire

Muhire wa matangazo ya biashara alipotaka nafasi kwenye seva ya redio yetu, hakuomba. Aliagiza.

"Kabatesi, mi nataka nusu ya disque yote. Na uifunge leo, mutu mwingine asiguse."

"Ya nini yote hiyo, Bwana Muhire? Una vitangazo vya sabuni tu."

"Bon, iko yangu. Nitajua ya kuweka."

Aliniudhi, ingawa namwelewa. Mama yake alikuwa akivusha nyanya mpakani, Petite Barrière, na pale mwanamke huacha beseni tupu kwenye foleni alfajiri, akarudi nyumbani kunywa uji. Beseni likishashika nafasi, ole wako uliguse. Mwanawe leo anavaa tai, lakini bado anapanga mabeseni.

Seva yetu ni moja, ila ndani yake tumeunda kompyuta pepe kadhaa, kila idara na yake, zote zikigawana hifadhi ileile. Hifadhi hiyo imekatwa vipande sawa tunavyoviita bloku. Bloku haina ubia: hata faili la mstari mmoja linaikalia nzima. Na ukimtengea mtu bloku zote mapema, zinabaki zake hata zikiwa tupu. Ndivyo nilivyomfanyia Muhire, na Mama Nyiramana wa maktaba ya sauti akakosa pa kuweka nyimbo zake.

Anazo kanda za zamani za wanawake wa Cyanzarwe wakiimba shambani. Unyevu wa ziwa unaziotesha ukungu, na nyingine zinavumilia kuchezwa mara moja tu, kisha basi. Waimbaji wengi wameshazikwa. Iliniuma sana kuona zikioza kwa ajili ya nafasi isiyokaliwa na mtu.

Basi Jumamosi ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, watu wote wakiwa barabarani na majembe, niliibadili diski ya Muhire. Tangu hapo inapewa bloku pale tu anapoandika kitu. Kwenye skrini yake bado aliiona nusu yake nzima, akatabasamu nayo kila asubuhi. Zile tupu nikampa Mama Nyiramana, akaanza kunakili kanda huku akiziitikia.

Raha yangu ilikatishwa na mkurugenzi, aliyesema kikaoni kwamba nafasi isiyotumika itanyang'anywa. Muhire akatoka mbio. Nilipochungulia, alikuwa anajaza diski yake kwa video ya harusi yake mwenyewe, nakala juu ya nakala. Mabeseni! Nafasi moja nilikuwa nimewaahidi watu wawili, na sasa wote walikuwa wanaidai. Bloku zikiisha, kompyuta zote zinasimama, na kanda inayochezwa wakati huo inapotea milele.

Nikamkimbilia Mama Nyiramana. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Uniachie huyo," akasema. "Nyogokuru wake iko hapa kwangu."

Akaingia studio, akarusha wimbo hewani. Sauti ya bibi kizee ikasikika ikiimba kwa Kinyarwanda, jembe likigonga mawe: mjukuu wangu Muhire ana kiazi mkono huu, kiazi mkono ule, hali, hagawi, na bado analia njaa. Ofisi nzima ilivunjika mbavu. Hata mlinzi wa getini alisikika akikohoa kwa kicheko.

Muhire akatoka ofisini kwake. Nilijiandaa kwa matusi, kumbe macho yake yalikuwa yamelowa.

"Iko yeye kabisa," akasema. "Ni nyogokuru. Sikukuwa na sauti yake hata kidogo."

Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akajipangusa, akanyoosha tai.

"Donc, Kabatesi, futa ile mavideo yote. Na we Mama Nyiramana, chukua nafasi yangu. Mi nakupatia na roho yangu yote."

Mama Nyiramana akashukuru kwa mikono miwili, kwa nafasi aliyokuwa ameikalia tangu umuganda. Mimi nikainamia kibodi nifute harusi, nikiuma midomo nisicheke.

"Lakini muniachilie bloku moja," Muhire akasema mlangoni. "Moja tu. Ya kuweka nyogokuru."

Wimbo ule hauenei kwenye bloku moja. Nilimpa zote ulizohitaji.