Mshenga wa Paskali

Madirisha ya ile kompyuta ya zahanati yalisikia lugha moja tu, C, na Florian Machage alijua Paskali. Kati ya lugha hizo mbili hakukuwa na njia.

Jambo hilo peke yake lisingemnyima mtu hamu ya ugali. Lakini mkewe, Pelagia, alikuwa anapoteza macho, na kazi yake ilikuwa kusoma. Alikuwa karani wa kliniki ya mama na mtoto katika zahanati ya masista pale Mwisenge, Musoma. Mwaka ule, 1998, kila ofisi ilikuwa inapunguza watu. Florian mwenyewe alipunguzwa kiwandani miaka minne nyuma, na sasa alitengeneza redio barazani kwake. Sista Ursula, mkuu wa zahanati, hakuwa mtu mbaya, ila alikwisha kusema: ikifika mwisho wa Agosti na Pelagia bado anashindwa kusoma majina, atatafutwa mtu mwingine.

Programu ya majina pale zahanati aliiandika Florian. Elimu yake ni darasa la saba. Paskali alijifundisha mwenyewe kwenye stoo ya kiwanda, miaka sita, kitabu kimoja. Programu ilifanya kazi vizuri, ila iliandika herufi za kijani ndogo kama chawa, na hazikuwa na namna ya kukuzwa. Mwezi wa tatu akaja Masatu, kijana wa Butiama aliyesomea kompyuta Dar es Salaam, akaiwekea mashine mfumo mpya wenye madirisha. Ndani ya dirisha herufi iliweza kuwa kubwa kama kiganja. Florian alipoiona, aliitaka kwa ajili ya Pelagia.

"Programu yako haiwezi kuyaamrisha madirisha haya, mzee," Masatu alimwambia. "Iandike upya kwa C."

"Paskali ilinichukua miaka sita. Mke wangu, Mama Boke, hana miaka sita."

"Basi tafuta bindingi za Paskali. Lazima kuna mtu mahali ameshaziandika." Kesho yake akapanda basi, akarudi Dar.

Bindingi. Florian alifungua kamusi aliyoiacha Boke, binti yao aliyeolewa Tarime, akakuta: kujalidi vitabu. Akaona inaeleweka. Vitu vyote vya kompyuta alivyowahi kuvijua vilitoka vitabuni. Na pale Bunda alikuwepo Bernado, fundi aliyejalidi vitabu vya parokia na vya shule. Kama kitabu cha namna hiyo kimepita mkoa wa Mara, kimepita mikononi mwake. Florian akafunga baraza, akaenda.

"Natafuta bindingi ya Paskali," alisema baada ya salamu.

Bernado hakuinua macho kwenye gundi yake. "Paskali gani? Yule mwimbaji wa Nyasura? Alishachukua kitabu chake Jumanne. Na kitachanika tena, maana anakilaliaga kama mto."

"Si mtu. Ni lugha ya kompyuta, na haisikilizani na nyingine."

"Lugha inaitwa Paskali!" Bernado aliweka brashi chini. "Na hiyo nyingine inaitwa nani, Bernado?"

"Inaitwa C."

"C? Hata jina hawakumaliza!"

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akauona uso wa mgeni wake, akamsogezea kigoda. Florian akamweleza yote, hadi namna Pelagia anavyoinamia kadi ya mtoto mpaka pua inagusa karatasi.

"Ngoja nikuelewe," Bernado akasema. "Huyu ana ombi, yule ana mali, na hawasikilizani."

"Ndiyo."

"Bwana wee, kwangu umekuja bure. Hutafuti gundi, unatafuta mshenga. Na mshenga hahitaji kujua lugha yote ya ukweni. Mimi nilipoposa, niliposa kwa Wakurya, na mshenga wangu alikuwa Mjita. Alikuwa na maneno saba ya Kikurya. Saba! Na mke nikapewa. Wewe unatuma maneno mangapi?"

Florian aliyahesabu ndani ya basi, akirudi, kwa vidole. Fungua dirisha. Chagua herufi. Andika. Futa. Ngoja mtu abonyeze. Alipofika nyumbani yalikuwa tisa.

Masatu alirudi likizo mwezi wa saba, kumwona mama yake. Florian akamfuata Butiama.

"Nimezitafuta hizo bindingi, mzee," Masatu alisema, akitikisa kichwa. "Nimeandikia mpaka watu wa Ulaya. Zipo nusunusu, na hizo nusu ni za mashine za aina nyingine."

"Mimi nataka maneno tisa tu."

"Maneno ya madirisha yanapita mia nne."

"Siendi kuoa ukoo mzima."

Masatu alimtazama, kisha akacheka kama mtoto, akavuta karatasi. Akamwonyesha namna ya kulitambulisha kila neno kwa Paskali: jina lake huko liliko, na vitu linavyobeba. Florian alirudi Musoma akayaandika yote tisa. Dirisha likafunguka, likapepesa mara moja, mashine ikazimia. Akarudia. Ikazimia. Siku ya nne akaenda tena Butiama, na karatasi yake mfukoni.

Masatu aliisoma akiwa amesimama mlangoni.

"Kosa ni langu. Sikukuambia mila za kule. Ukweni kwa C, vitu neno linavyobeba huanza kupokelewa cha mwisho. Na watu wakishakula, mgeni ndiye anayeondoa vyombo. Paskali yako imezoea mwenyeji aondoe."

"Kwa hiyo hakuna anayeondoa."

"Hakuna. Vinarundikana mpaka meza inaanguka."

"Mgeni aoshe vyombo?" Florian alichukia kweli. "Watu gani hao?"

"Ndio walivyo. Lakini kuna neno la herufi tano. Liandike mwisho wa kila utambulisho, Paskali itafuata mila ya mwenyeji."

Florian aliliandika mara tisa palepale, juu ya meza ya mama yake Masatu, na mama wa watu akimwambia chai inapoa.

Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa nane, pale zahanati, kinamama hawajafika. Dirisha lilifunguka, likatulia. Ndani yake jina likasimama: Wegesa Keraryo.

"Unaona, Mama Boke?"

"Naona. Nzuri sana."

Lakini alikuwa anatazama pembeni kidogo ya kioo.

"Nisomee."

Pelagia akasema polepole, "Ongeza kidogo."

Florian akaongeza.

"Kidogo tena, Baba Boke."

Akaongeza tena. Na tena. Kila alipoongeza alijua kitu ambacho hakukijua dakika moja nyuma.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu Pasaka. Kinamama nilikuwa nawajuaga kwa sauti. Mtu akishasalimia tu, nimeshamjua jina lake na la mtoto."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha kutafuta, ukaanza kulia. Si nakujua?"

Florian akajifanya anatazama vibonye. Pelagia akapapasa mpaka akaupata mkono wake, akaubana.

"Ongeza," akasema.

Jina moja lilipojaza kioo kizima, ukuta kwa ukuta, alikunja uso, akasogea, akasoma: "Wegesa." Akabonyeza. "Keraryo." Kisha akacheka. "Maskini binti wa watu, umemwandika utadhani anagombea ubunge."

Sista Ursula alikuwa amesimama nyuma yao. Alisubiri mpaka Pelagia akasoma majina kumi, moja moja, bila kukosea hata moja.

"Haya," akasema. "Fungueni mlango. Watu wanangoja, na karani wetu yupo."

Pelagia alivuta kiti mbele. Florian alibaki nyuma yake mpaka saa nne, hana kazi yoyote pale, akisikiliza tu akiita majina.

Maneno tisa yalichukua miezi mitano. Safari moja ya Bunda na mbili za Butiama, ya mwisho kwa miguu kutoka Makutano, kwenda na kurudi. Redio saba za watu zilirudishwa kwa wenyewe bila kutengenezwa. Siku mbili alizopangiwa Pelagia kwa daktari wa macho Mwanza zilipita naye hakumwambia Florian, ili nauli iende Butiama. Na jicho moja, la kushoto, likapotea kabisa.