Joka Lililopiga Hodi

Twaiba alikuwa jikoni kwake Gazi, mkono mmoja ukigeuza vitumbua, wa pili ukichora kucha za joka kwenye kishikwambi. Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha. Kampuni moja ya ng'ambo ilikuwa ikitengeneza mchezo wa mezani, ambao watu wazima na ndevu zao hukaa kuizunguka meza, kila mmoja akajifanya shujaa, na dadu ikaamua nani atakufa. Twaiba aliwabunia majoka. Kila joka lilitakiwa liwe na umbo, kisha liandikiwe tabia zake: linakaa wapi, linakula nini, linalinda nini.

Zamani alikuwa mtu mtulivu. Kisha akaja tajiri na hati ya kiwanja cha ufuoni, akakizungushia ukuta, na ndani ya ukuta mlikuwa na makaburi ya watu wa Gazi, likiwamo la mamake, Mwanaima. Tangu hapo Twaiba hakukalika. Aliketi, akainuka, akafagia ua hata kuku wakakosa pa kuchakura. Roho ilimtulia Ijumaa tu, kwa sababu bawabu wa pale, mzee Mwinga wa Kinango, alikuwa akimfungulia mlango mdogo tajiri akiwa hayupo. Huingia, akang'oa magugu, akamsomea mamake Yasini, akatoka. Lakini kumzuru mama yako kwa kujificha ni uchungu.

Joka alilokuwa akilichora jikoni, joka la kitumbua kama alivyoliita, alilipa magamba ya mfano wa mkeka, kwa msuko uleule wa ukili aliofundishwa na mamake. Penye tabia akaandika kwamba haliingii kwa mtu bila kupiga hodi, na likikosa jibu mara tatu hurudi lilikotoka. Hakulifikiria sana jambo hilo. Ndivyo alivyolelewa yeye, na mtoto wake angemleaje vinginevyo?

Asubuhi yake joka lenyewe, hai, lilikuwa uani, limejikunja kando ya pipa, linakunywa maji. Jirani yake Fauzia alisema kutoka ng'ambo ya ua kwamba moshi unamharibia nguo alizoanika, lisogezwe upande wa pili. Likasogezwa. Twaiba akalilisha vitumbua, akalieleza habari ya ukuta, wakaenda pamoja.

Kichwa cha joka kiliupita ukuta kwa mbali, na mkia wake ungeubomoa kwa pigo moja. Joka likasimama mbele ya geti, likakunja mabawa.

"Hodi," likasema.

Siku hiyo tajiri alikuwapo, ameketi barazani. Aliliona, akarudisha macho kwenye simu yake. Joka likapiga hodi ya pili, na ya tatu, likangoja kidogo, kisha likageuka.

Twaiba alilifuata kwa hasira, akaliuliza ukuta ule si lingeusukuma kwa pua tu.

"Sikukaribishwa, mama," likajibu.

Kampuni nayo ikalikataa. Ikaandika kwamba hakuna mchezaji atakayeogopa joka linalongoja kukaribishwa, na ikaomba jingine, kali, la kuingia kwa nguvu. Twaiba akalichora hilo jingine kwa kisirani chote alichokuwa nacho. Akalipa pembe, akalipa mkia wa rungu. Akaandika kwamba huingia popote wala haliombi ruhusa. Penye swali la kile linacholinda alikuwa amekwisha kuchoka, akaandika yale yaliyoandikwa kwa majoka yote ya mchezo ule: hulinda kilicho chini yake, wala haliulizi ni cha nani. Kampuni ikafurahi mno.

Joka la pili lilitokea Ijumaa. Halikusalimia, halikunywa maji. Lilikwenda moja kwa moja ukutani na kupita, likaacha tundu la kuingiza lori. Mzee Mwinga aliinua kiti chake, akaliachia njia. Twaiba aliingia nyuma ya joka akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu mazishi. Joka likanusa kaburi hili na lile, likafika kwa Mwanaima, likazunguka kama kuku anayeatamia, likalala juu yake.

Twaiba alipokaribia, lilifungua jicho moja na kumuunguza upindo wa buibui. Alirudi nyuma. Aliliambia kwamba aliyelala hapo ni mama yake.

"Nalinda," joka likasema, likafumba jicho.

Tajiri alielewa upesi, maana watu wa namna yake huelewa upesi. Alileta mbuzi wa kulilisha, akaziba tundu, akalinunulia joka kofia ya ulinzi. Mzee Mwinga akaambiwa hahitajiki tena. Alipokuwa akifunga kiti chake juu ya pikipiki, alimwita Twaiba.

"Mwanangu," akamwambia, "mimi nilikuwa bawabu mbaya. Ndiyo maana ulikuwa ukiingia."

Twaiba aliiomba kampuni ibadilishe maneno yale machache ya kulinda. Ikajibu kwa upole kwamba kadi zimekwisha kuchapwa. Fauzia alisema mchimba kisima huingia mwenyewe, kisha akaona aibu, akamletea sahani ya mbaazi.

Siku hizi, kila Ijumaa, Twaiba huenda getini na joka lake la kwanza. Hupiga hodi wote wawili, mara tatu, na kutoka ndani huja moshi tu. Hapo huketi chini, upande huu wa ukuta, akasoma Yasini, na joka likamtandia bawa asichomwe na jua. Kaburi la Mwanaima halioti magugu tena, wasemavyo wanaochungulia kutoka juu ya minazi. Twaiba na joka lake wakimaliza hurudi nyumbani, kwa kuwa hawakukaribishwa.