Rungu Lisilo na Mwenyewe

Wewe umeshaona wapi rungu lililoua watu watatu kabla ya rangi yake kukauka? Basi lilikuwako mtaa wa Ndia Kuu, mwaka wa tisini na tatu, katika duka la vinyago la Bwana Nicodemus. Na Kenga, aliyelichonga, alikuwa amesimama papo hapo kando ya mlango, vumbi la msasa limemganda kwenye nyusi kama unga wa chapati.

Lilikuwa la mti wa muhuhu, likapakwa rangi ya viatu mpaka likajifanya mpingo. Nicodemus alilizika siku tatu kwenye mchanga uliomwagiwa chai ya rangi, akalifukua, akaliita la kale. Kenga alimtazama akilipangusa kwa taadhima, kama mtu aoshaye maiti asiyemjua, akacheka kimoyomoyo. Kicheko hicho ndicho kilichomweka hapo miaka minne. Kila alipochonga jina lake chini ya kichwa cha rungu, Nicodemus alilifuta kwa tupa. Naye Kenga akajiambia: mwache, mpumbavu huyu, hata mti na mkaa hawezi kuvipambanua.

"Andika kibandiko," Nicodemus alimwambia Truphosa, karani wake, aliyepakata kamusi ya Kiingereza. "Ila usiandike 'club'. Hilo neno la watoto wa shule."

Truphosa alifunua kurasa, kidole kimelowa mate. "Kuna 'bludgeon', bwana. Rungu fupi, zito, nene upande mmoja. La kupondea mtu."

"Hilo hilo! Lisikie linavyonguruma. Andika: la vitani, limeua watatu."

"Kwetu huwekwa nyuma ya mlango," Kenga alisema, "kwa ajili ya nyoka."

"Basi nyoka wenu na waje walinunue." Nicodemus hata shingo hakugeuza. "Mdomo ukikuwasha, Kenga, kaukune dukani kwa wengine, na hapa usirudi."

Kenga akaweka mikono nyuma, kama ada yake.

Akaingia bibi mmoja wa Kizungu, mtalii, mwenye kofia ya ukili. Alisoma kibandiko, akakunja pua kama aliyenusa papa mbichi, akakigeuza kisionekane. Kisha akalishika rungu lenyewe. Akapitisha kidole gumba shingoni mwa rungu, polepole, pale ambapo Kenga alikuwa amesugua siku mbili nzima ili mshiko ukae kiganjani bila kulazimishwa. Bibi alifumba macho. Alipoyafumbua, aliuliza jambo.

"Anataka kujua nani aliyelichonga," Truphosa alitafsiri.

"Mwambie alikufa. Zamani, huko huko vitani."

Truphosa alifunga kamusi. Akamtupia Kenga jicho.

Kenga aliitafuta dharau yake, ile iliyokuwa ikimshibisha kila siku, asiikute. Alichokiona ni kwamba amesimama matangani mwake mwenyewe, mikono nyuma, kimya, kama mgeni aliyefuata pilau. Nicodemus alikuwa mpumbavu, sawa. Lakini mpumbavu huyo ndiye aliyekuwa amemzika, na yeye Kenga ndiye aliyemshikia jembe.

"Dada Truphosa," alisema, na sauti ikamtoka nyembamba kuliko alivyoitarajia. "Mwambie sijafa. Naitwa Kenga. Nataka jina langu liandikwe hapo."