Shati Alilomshonea Kaka Yake

Mama mmoja fundi na binti yake walikuwa wakishona katika chumba kimoja, cherehani zikitazamana. Siku moja, ndani ya droo ya cherehani kuukuu waliyoinunua, binti akakuta sindano nyeusi. Akaishonea kama sindano yoyote. Shati la kwanza lilikuwa la jirani yao, mwanaume mwenye mkono mwepesi kwa mkewe. Alipokuwa analijaribu, binti akamfokea, "Na uache kumpiga mwenzio!"

Akaacha. Siku hiyo hiyo. Mtaa mzima ukashika mdomo.

Mama hakuogopa, na hapo ndipo alipokosea. Badala ya kuuliza nguvu hiyo ya sindano imetoka wapi, alimwaza kifungua mimba wake, mlevi wa kurudi nyumbani kwa kushika kuta.

"Mwanangu, mshonee na kaka yako."

"Nilijua tu utasema," binti akacheka.

Kaka akavaa, akaambiwa aache pombe, akaacha. Mama alilia kwa furaha. Lakini wiki ya pili akaona kijana anakaa mbele ya sahani mpaka chakula kinapoa; hali chochote hadi dada yake amwambie ale. Yule aliyekuwa na mdomo wa kutania hata sufuria! Sasa ukimuuliza, "Umeshiba?" anamtazama dada yake.

Binti naye alishanogewa. Akamshonea mchumba wake aliyetaka kumwacha. Akamshonea fundi mwenzao aliyewachukulia wateja, fundi akafunga duka mwenyewe. Kila mara alikuwa na sababu nzuri, jamani, na hilo ndilo linalotisha.

"Mfumulie kaka yako lile shati," mama akamwambia asubuhi moja.

"Arudi kutapika mlangoni?"

"Atapike, nitadeki. Nirudishie mwanangu."

"Si ulikuja mwenyewe kuniomba? Leo mbaya ni mimi?"

Ilikuwa kweli. Binti alipotoka kununua uzi, mama akamvua kijana shati. Kulivua tu hakukusaidia. Alikaa vilevile, kimya. Mama akachukua wembe, akafumua mshono mmoja mmoja. Alipomaliza kwapa la pili, kijana akavuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini.

"We mama, mbona unanichania shati?" Kisha, "Nina njaa mie."

Binti akarudi, akawakuta wamekumbatiana. Hakugomba. Alifungua kabati, akatoa gauni jipya la bluu, kipimo cha mama yake kabisa.

"Nilikushonea zamani. Vaa, mama, wasiwasi ukuishe."

"Nikilivaa, huna mama tena. Utabaki na mtu wa kukuitikia tu."

Binti alifikiri kwelikweli, machozi yakamlenga, midomo ikamcheza kama utotoni alipotaka kuomba msamaha. Mama akamnyooshea mikono.

"Vaa tu," binti akasema.

Mama akamshika mwanawe wa kiume mkono, wakatoka na nguo walizovaa. Kabla jua halijazama kijana alishalewa, anamgombeza mama barabarani kwamba hata hajui wanakokwenda. Mama anamjibu, anafuta macho, anamjibu tena. Na kila baada ya hatua chache anageuka nyuma, akitumaini binti anakuja bila kuitwa.