Mayai ya Jirani

Hakuwa na mke tena, wala mtoto. Hakuwa na buti mbili za saizi moja. Ya kulia ilikuwa yake na ya kushoto aliachiwa na mlinzi aliyemtangulia, hivyo ukimsikia akitembea juu ya ukuta wa bwawa ungedhani wanakuja watu wawili. Hakuwa na jino la mbele. Hakuwa na cheti cha chuo chochote isipokuwa karatasi ya darasa la jioni, ambayo aliitundika juu ya kitanda chake, pale ambapo wengine hutundika picha ya harusi. Hakuwa na subira na watu wanaochelewa. Na tangu utotoni hakuwa na ulimi wa kuomba radhi. Akikukosea alinyamaza, kisha akakuletea kuni.

Alichokuwa nacho ni lango, na dada.

Lango lilikuwa la chuma, katikati ya ukuta wa bwawa, na lilifunguliwa kwa gurudumu zito lililotaka mikono miwili na kifua. Kwa kazi hiyo watu walimwita Komeo. Maji ya juu ya lango yalikuwa ya nchi yake. Chini ya lango mto ulikwenda mwendo mfupi tu, ukavuka mpaka, ukaingia katika kinamasi cha nchi ya pili, na huko kwenye matete ndiko korongo walikotaga. Korongo wale hawakujenga juu ya miti. Walilundika majani juu ya maji na kuyakalia. Maji yakipanda kwa ghafla, yai huelea na kwenda zake.

Kwa ajili hiyo serikali mbili ziliandikiana mapatano: katika msimu wa kutaga, lango lisifunguliwe mpaka mlinzi wa kinamasi, upande wa pili, akubali. Mlinzi huyo Komeo alimwita Jirani. Walionana mara moja kwa mwaka, kwenye mkutano wa pamoja, wakaketi nyuma na kuchekana mvi. Siku zilizobaki walizungumza kwa redio ya upepo. Mapatano yalikuwa na kurasa nyingi na mihuri ya kila rangi, lakini wao wawili walikuwa wameyafupisha.

"Una mayai?" Komeo aliuliza kila asubuhi.

"Ninayo," Jirani alijibu. Au, "Sina, fungua."

Dada yake Komeo alipoyasikia hayo kwa mara ya kwanza alicheka mpaka akaketi sakafuni. "Wazee wazima! Sasa huyo mwenzako akiangua unijulishe mapema, nimshonee nguo za mtoto."

Dada huyo ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, yeye aliacha shule ili mdogo wake aendelee. Tangu hapo alikuwa ameishi katika nyumba za watu: ya shangazi, kisha ya mume, na mume alipotangulia, ya mwanawe, ambako mkwewe alitembea na ufunguo wa kabati la sukari kiunoni. Mwaka huo alisema imetosha. Alipata kipande cha ardhi tambarare kando ya bwawa, upande wa juu, akapanda vitunguu, na katika kona ya shamba akasimamisha kuta za chumba kimoja. Vitunguu vingeleta mabati. Mlango alikuwa nao tayari. Ulikuwa umeegemezwa ukutani, mpya, wa rangi ya kijani, na kitasa chake.

"Nitajifungia kwa ndani," alimwambia Komeo, "na ukija utabisha hodi kama mgeni mwingine yeyote."

Mvua ilikuja kabla ya wakati wake. Ilinyesha usiku kucha na kutwa, na maji ya bwawa yakapanda ukutani. Msimu mwingine Komeo angezungusha gurudumu asubuhi ile ile.

"Una mayai?"

"Ninayo," Jirani alisema, sauti ikikatika kwa mvua. "Namwona mama korongo amekaa. Usifungue, ndugu yangu."

Hakufungua. Kesho yake aliuliza tena, akajibiwa vilevile. Maji yalitoka kwenye kingo zake yakaanza kutambaa penye majani, taratibu, kama ng'ombe wasio na mchungaji. Komeo alijua yanakokwenda. Kutoka pale ukutani aliuona ule mlango wa kijani.

Wazo la kwenda kumwambia dada yake lilimjia, akalikataa. Mlinzi hapeleki habari za lango kwa jamaa zake. Leo utamwambia dada, kesho binamu, keshokutwa lango limekuwa la ukoo. Alijihesabu mtu mnyoofu, na unyoofu huo ulimtosha kama koti.

Dada yake alikuja mwenyewe, nguo zimelowa mpaka magotini.

"Mdogo wangu, maji yako kwenye matuta."

"Najua."

"Unajua?"

"Bado ana mayai."

Alimtazama kana kwamba amemsemesha kwa lugha ya wageni. "Fungua kidogo tu. Vitunguu vyangu vipate pumzi."

"Siwezi, Dada. Kuna mapatano."

"Mlipatana na nani?"

"Na wenzetu wa kule chini."

Hakulia wala hakupaza sauti. Aliliangalia gurudumu, kisha akaiangalia mikono ya Komeo, ambayo yeye ndiye aliyeifundisha kushika kalamu. Akageuka akaenda.

Siku kadhaa baadaye, redio iliposema "fungua", vitunguu vilikuwa vimekwisha kuoza. Ukivuta kimoja, majani yanakuja mkononi na kitunguu kinabaki tope. Ukuta mmoja wa chumba ulikuwa umeketi chini. Mlango maji yaliubeba, yakaulaza kifudifudi penye uzio wa watu.

Siku iliyofuata Jirani alitokea kwenye ukuta wa bwawa akisukuma baiskeli, matope mpaka kiunoni.

"Umevuka mpaka kwa baiskeli?" Komeo aliuliza. "Redio yako imekufa?"

"Redio nzima. Hili halisemwi kwenye redio." Aliiegemeza baiskeli, ikaanguka, akaiacha. "Mayai hayakuwapo."

"Yapi?"

"Yote. Mvua iliyokunyeshea wewe ilininyeshea na mimi. Usiku wa kwanza tu yalishakwenda. Mimi nilimwona ndege amekaa, nikasema ana mayai. Kusogea nisingeweza, maji yalinizuia. Jana nimefika kwa mtumbwi. Viota vitupu. Na yule mama bado amekaa."

"Amekalia nini?"

"Majani."

Lango lilikuwa wazi na maji yalipita chini ya miguu yao kwa kishindo, yakielekea kule ambako hayakuwa na cha kuharibu tena.

Habari haikukaa. Kabla ya jioni mhandisi wa bwawa alikuwa amefika na gari lake. Hakuwa mtu mbaya. Mlangoni pa ofisi yake wakulima walikuwa wamejaa tangu asubuhi, na hakuwa na la kuwaambia.

"Mzee Komeo, andika taarifa. Andika kwamba wenzetu walitudanganya. Maneno yakitoka kwako, wewe uliyekuwa hapa, mapatano haya hayamalizi mwezi. Lango linarudi kuwa letu."

"Na ndege?"

"Ndege gani? Si unasikia hakuna?" Akapunguza sauti. "Mfikirie dada yako, mzee. Hata yeye atalala na moyo mweupe akisikia lango liko huru."

Maneno hayo yalimwingia. Gari lilipoondoka, Komeo alimwambia Jirani, "Twende." Hakusema wapi.

Dada alikuwa shambani akilundika vitunguu vilivyooza. Jirani alivua kofia.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ni yule wa kinamasi," Komeo alisema.

"Ahaa. Wewe ndiye mwenye mayai."

"Ndimi."

"Haya, wamezaliwa wangapi?"

Jirani alimweleza yote, bila kujipunguzia. Dada alisikiliza akiwa na kitunguu mkononi, maji yake meusi yakimchuruzika vidoleni. Kisha akauliza jambo ambalo hawakulitarajia.

"Huyo ndege, bado amekaa?"

"Nimemwacha amekaa."

"Maskini." Alikitupa kitunguu kwenye lundo, akamgeukia mdogo wake. "Sasa nisikilize wewe. Mimi sikuja pale kukuomba uue ndege za watu. Hapo hukunikosea. Kila asubuhi unamuuliza huyu bwana, una mayai? Mtu wa nchi nyingine, unamuuliza. Mimi niko hapa, mlango wangu unauona kutoka ulipo. Ulishindwa kuniuliza, Dada, una vitunguu?"

"Niliogopa kupendelea."

"Nani kakwambia unipendelee? Ungetuuliza wote, na huyu wa kushoto, na yule wa kule mwisho. Ungetupa kutwa moja tu. Tungeving'oa vibichi, tukauza na majani yake. Bei mbaya, lakini tungekula." Alijifuta mkono kwenye nguo. "Ningepata hata bati mbili."

Komeo alimsindikiza Jirani mpaka kwenye baiskeli yake. Asubuhi alirudi na mzigo wa kuni kichwani. Dada alikuwa akichota tope kutoka ndani ya chumba kisicho na ukuta mmoja. Hakuinua hata uso.

"Sitaki kuni."

Alisimama na mzigo wake. Aliutua. Akafunga kifungo cha shati, akakifungua.

"Nimekosa, Dada," alisema.

Dada aliacha kuchota. Pengine katika maisha yao yote lilikuwa neno la kwanza la aina hiyo kutoka kwake. Akasogea, akamwonyesha tofali la kukalia.

"Umekuja na karatasi gani mfukoni?"

Ilikuwa barua, kwenda ofisi ya pamoja ya nchi mbili, wala si kwa mhandisi. Aliisoma kwa sauti, polepole, kama alivyofundishwa darasa la jioni. Aliandika kwamba mlinzi wa kinamasi alikosea na hakudanganya, kwa kuwa alisema alichokiona. Kwamba yeye mwenyewe alikosea zaidi, kwa kuwa aliona maji yanakokwenda na hakusema. Kwamba aliomba mapatano yasivunjwe, kwani korongo watarudi kutaga, na wakirudi wasikute watu wamegombana. Kwamba mayai yakitajwa, yawe yameonwa na mtu aliyefika kiotoni. Na kwamba wakulima wa juu ya bwawa wajulishwe kabla ya lango kuzuiwa.

"Hapo," dada alisema. "Kujulishwa nini? Nijulishwe kama msiba? Andika waulizwe. Na kwenye mkutano wenu wa kila mwaka, wawekewe kiti."

"Dada, mhandisi hatafurahi hata kwa hii niliyoandika. Huenda nikaondolewa langoni."

"Ukiondolewa utakuja kunijengea ukuta. Andika."

Aliandika juu ya goti. Kisha akaongeza kwa hiari yake kwamba mkulima wa kwanza yu tayari kuvuka mpaka akaone viota kwa macho yake, maana ndivyo dada alivyokuwa amemwambia Jirani wakiagana.

Gari la barua lilisikika likipanda barabara ya bwawa. Komeo alikunja karatasi, akaitia ndani ya bahasha, akatoa ulimi.

"Lete hapa," dada alisema. "Ukilamba wewe na pengo hilo, itabaki wazi katikati."

Aliilamba yeye, akailaza juu ya tofali na kuigandamiza kwa kiganja mpaka ikashika. Bahasha ilibaki na alama ya vidole vyake na harufu ya vitunguu. Komeo akaichukua, akaenda nayo barabarani kwa ile miguu yake ya watu wawili, akaiweka mkononi mwa dereva.