Mchumba wa Anselmo

Bi Eufrasia alimtazama Lugarda, mchumba wa mwanawe, akinywa chokoleti, asimwone kasoro, na hilo ndilo lililozidi kumtia shaka. Hata kucha alimchungulia, maana wanawake wa Puebla, katika Meksiko ya enzi za Wahispania, walisema damu ya Kiafrika hujificha hapo.

"Hebu nieleze tena, mwanangu. Kwenu ninyi ni watu gani?"

"Sisi kastiso, mama. Baba Mhispania, mama mestisa, chotara wa Mhispania na mzawa. Bibi mzaa mama ndiye alikuwa mzawa, wa kule Cholula."

Msichana kastiso akizaa na Mhispania, mtoto huhesabiwa Mhispania. Hapo hapakuwa na neno. Lakini kukiwa na mtumwa mmoja tu kwenye ukoo, mjukuu angeweza kuzaliwa mweusi, na watu wangemwita "rudi-nyuma" mpaka mlangoni pa kanisa.

Msichana alipoondoka, Anselmo alimgeukia mama yake.

"Unamkagua kama nyumbu wa mnadani."

"Nyumbu akiniharibikia nitamuuza. Mke wako nitamuuza wapi?"

Asubuhi iliyofuata Bi Eufrasia alikwenda kwa kina Lugarda bila taarifa. Uani alimkuta kikongwe mweusi amepiga magoti, anasaga mahindi kwenye jiwe.

"Huyo mpishi wetu, Tomasa," Lugarda alisema upesi, kabla hajaulizwa, akakimbilia ndani kuleta kiti.

Bi Eufrasia aliinama. Masikio yale madogo, yaliyobana kichwani, alikuwa ameyaona jana.

"Mpishi, ee? Yule msichana ni nani wako?"

"Mjukuu wangu." Tomasa hakuacha kusaga. "Na wewe ni binti wa Melchora, mfua nguo wa Veracruz. Mimi na mama yako tulikuwa watumwa wa bwana mmoja. Sura umeichukua yote, rangi ndiyo umemwachia."

Bi Eufrasia alitupa jicho mlangoni alikoingia Lugarda. Mumewe alikuwa amezikwa bila kulisikia jina hilo.

"Unataka nini?" alinong'ona.

"Mjukuu wangu aolewe. Na wewe, mwanangu, unataka nini?"

Lugarda alirudi na kiti, akasimama nacho mkononi, akiwatazama wote wawili.

"Mpishi wenu hodari," Bi Eufrasia alimwambia. "Siku ya harusi tutaipanga Jumapili."

Anselmo alifurahi, asijue kilichombadilisha mama yake. Alishangaa zaidi mama huyohuyo aliposhikilia kwamba bibi harusi aje na mpishi wake. Bi Eufrasia aliona heri ulimi ule uwe jikoni kwake kuliko sokoni.

Hivyo Tomasa akahamia. Walisalimiana kwa heshima, na hakuna aliyewahi kumsema mwenzake. Lakini wageni walipokuwa mezani na jiwe la kusagia likanyamaza ghafla, Bi Eufrasia alikatiza maneno yake, akageuza shingo kuelekea jikoni, akisikiliza.