Dakika Mbili Mbele ya Ukuta

Treni ya nne ilikwama tena kwenye njia panda ya chini, nami nikaipiga meza ngumi hadi chai ikamwagika. Ilikwama kwenye mfano wa kompyuta tu, lakini kesho asubuhi wakubwa wa kampuni kutoka Katowice walikuwa wanakuja kuutazama. Ikionekana reli zetu haziwezi kutoa makaa ya mawe ya mwamba mpya, mgodi unafungwa, na mji wetu ndio basi tena. Nilikuwa nimejaribu mara hamsini na tatu. Kila zamu makaa yalipungua kwa mabehewa kumi na nane.

"Mungu abariki," alisema Alojz, dereva wetu mkongwe, akiingia na vumbi lake jeusi usoni. "Gizela, midoli yako bado imegoma?"

"Usinitanie, mzee wangu. Nataka kulia."

Akainamia skrini huku akitafuna mkate. Ghafla akaacha kutafuna.

"Hapa zinasimama kufanya nini?"

Pale pana ukuta wa zege. Miaka sita iliyopita gesi ililipuka nyuma yake, na watu watatu hawakutolewa. Mmoja ni Rajmund, mwana wa Alojz. Tangu hapo kila dereva husimama dakika mbili na kuvua kofia, wala hakuna aliyeamrisha. Nilipopanda treni kupima safari, nilizihesabu dakika hizo na kuziingiza zote kwenye kompyuta. Mimi mtoto wa hapa, haikunijia kamwe kwamba kusimama huko ni kuchelewa.

"Safari arobaini kwa zamu," alisema. "Piga hesabu."

"Siwezi kuzitoa dakika hizo. Wenzako watanitemea mate."

"Wenzangu niachie mimi."

"Na wewe je?"

"Mgodi ukifungwa wanazima pampu, Gizela! Maji yatapanda mpaka alipo mwanangu. Zitoe, nakwambia!"

Nikazitoa. Nikazianzisha treni upya. Makaa yakatosha, na mabehewa mawili yakazidi. Wiki tatu nilikuwa nikiiomba siku hiyo, na sasa nilijichukia.

"Ianzishe tena," alisema Alojz. "Ya kwangu ni ipi?"

Nikamwonyesha treni ya pili. Akaweka kidole juu yake, akaifuata polepole kwenye skrini. Vilipofika ukutani, kidole kilisimama, treni ikaenda.